Pengo la Baba Yako Kwenye Kinanda

Brooklyn Park, Jumamosi jioni

Ombeni mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Saa hii uko Roseville na wenzako, mnaagana huku mnakula vitu vya kukaangwa, na sweta umeliacha hapa kwenye kiti kama kawaida yako. Mimi nami sijambo, ila ni ujambo wa kujilazimisha. Nimekaa mezani jikoni, jua la Agosti la huku bado halijazama, na watoto wa jirani wanaendesha baiskeli kwenye maegesho.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Boston. Mambo ya koti zito, ya kutenga nguo nyeupe wakati wa kufua, ya kupiga simu Jumapili, nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Hayo nayaruka. Nataka tuongee jambo moja tu, nalo ni saksafoni ya baba yako, ambayo umeisukumia kabatini nyuma ya makoti ya baridi ukasema huendi nayo.

Umekubaliwa shule ya muziki, mwanangu. Ulikubaliwa kwa sababu ya saksafoni hiyo. Halafu Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, ukaniambia kwenye gari: "Mama, I'm done. Siipigi tena. Nikifika nitawaambia nabadilisha, nisome kompyuta."

Mimi nilinyamaza. Wewe unanijua, kunyamaza si kazi yangu. Nilinyamaza kwa sababu ya maneno uliyoyasema baadaye, na nitayafikia, lakini kwanza acha nirudie yaliyotokea kule chini kanisani, maana kila mtu aliondoka na tafsiri yake na sidhani kuna aliyepatia, hata mimi mwenyewe.

Ibada ya Kiswahili ilikuwa imekwisha, chai imemiminwa, maandazi yamepangwa, na watu wakataka tupige kitu cha kukuaga. Tukapiga "Usangi Asubuhi," ule wimbo alioutunga baba yako. Ulianza vizuri sana. Ulizunguka kodi zote za wimbo, yale mafungu ya noti ninayokugongea chini, kwa utulivu, na niliona mpaka wale vijana waliokuwa wamesimama mlangoni wameingia ndani. Tukafika pale kabla ya sehemu ya katikati, pale ninaponyanyua mikono kwenye kinanda na mpiga saksafoni anabaki peke yake kwa mipigo minne. Nikanyanyua mikono. Wewe ukashusha saksafoni, ukakaa kwenye kiti.

Mama Eliakimu akatoa leso, akasema, "Pole mwanangu, anamkumbuka baba yake." Wote wakaanza kufuta macho. Mimi nilibaki na mikono hewani kama mwizi aliyeamriwa asimame, maana mwenzio noti niliisikia. Hukuipiga, nami niliisikia, ndefu, imesimama palepale inaposimama siku zote.

Kwenye gari ukaniambia: "Siyo kwamba namkumbuka, Mama. Kumkumbuka ni sawa. Tatizo yupo. Kila nikifika pale anaingia yeye. I don't play it, he plays it. Mimi nashika tu." Kisha ukasema, "Na wewe ndiye unayemfungulia mlango."

Nikuambie ukweli: nilifurahi. Ni aibu mama kufurahi mtoto wake akisema hivyo, lakini nilifurahi, kwa kuwa nilidhani ni mimi tu ninayemsikia. Nikiwa kazini kule kwenye nyumba ya wazee, namfuta mzee wa watu mgongo, nasikia saksafoni kwenye korido. Nikajiona nimeanza kuchanganyikiwa. Uliposema yupo, nikajisemea, kumbe sisi ni wawili. Sikufikiria kwamba kinachonifariji mimi ndicho kinachokufukuza wewe.

Sasa acha nianzie mbali kidogo. Hii ni habari ya mikono yangu, na wewe umeikuta njiani.

Mimi nilifundishwa kinanda Machame kwa vitabu vya tenzi, kwa do re mi, na mwalimu wangu wa kwaya alinipigilia kichwani jambo moja, kwamba do inahama. Wimbo ukibadili ufunguo, do inahamia mahali papya na wote tunaifuata. Baba yako yeye alikulia kwenye matarumbeta ya kanisa huko Usangi, na saksafoni aliikuta hapa Minneapolis, kwenye duka la vitu vilivyotumika, akaja nayo nyumbani anachekelea mpaka nikadhani amepata kibali cha ukaazi. Jazi alijifunzia redioni na kwenye kurasa alizotoa fotokopi maktaba. Kurasa zenyewe zimejaa majina ya Kigiriki.

"Mama Ombeni," akaniambia siku moja, wewe ukiwa bado unatambaa, "hawa watu wana ngazi ya sauti inaitwa doria."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Doria ya polisi?"

"Hiyohiyo. Unaanzia re, unapita nyumba kwa nyumba mpaka re ya juu, unaangalia kama kuna usalama."

Tangu siku hiyo, humu ndani kufanya mazoezi ya ngazi kukaitwa kwenda doria. Na noti tatu nne zinazopigwa pamoja tukaziita kodi, kama waitavyo wapiga gitaa wa kwetu, mpaka mgeni mmoja akatukuta baba yako anapiga kelele, "Kodi inabadilika! Kodi inabadilika!" akatupa pole kwa mwenye nyumba kuwa mkali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo la do. Aliniwekea karatasi yenye kodi tatu zinazofuatana, ile safari ambayo utaikuta kwenye kila wimbo wa jazi, nami nikafanya nilivyofundishwa: kodi ya kwanza nikaandika do chini yake, ya pili nikaandika do nyingine, ya tatu nyingine tena. Nikawa naimba nikitafuta noti, na kila mipigo minne nahama na godoro kichwani. Nilichoka, nikamwambia muziki wenu huu hauna kwao. Akachukua penseli, akafuta zote, akaandika re, so, do.

"Do haijahama," akasema. "Nyumba ni moja. Umeingia kwa mlango wa uani, ukatokea wa jikoni, ukakaa sebuleni."

Nikapiga tena. Kodi ya re ina re, fa, la na do. Kodi ya so ina so, ti, re na fa. Kodi ya do ni do, mi, so na ti. Zote zimeokotwa humo humo kwenye noti saba za kwaya. Ukianzia re ni doria, ukianzia so ni miksolidia, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nazipiga kanisani bila kujua zina pasipoti ya Kigiriki. Nilijiona mjinga, halafu nikajiona tajiri. Nakwambia hili kwa sababu utakutana na watu wengi huko unakokwenda, na kila kitu kipya kitakujia kikidai uanze upya kabisa. Mimi nilipofika nchi hii nilianza upya mara nyingi mno ambazo hazikuhitajika. Uliza kwanza kama do imehama kweli.

Kosa la pili lilikuwa kujaza. Mpiga kinanda wa kanisani anaogopa kimya, maana ukinyamaza watu wanadhani wimbo umekwisha na wanakaa. Basi baba yako akipiga, mimi chini yake napiga sauti zote nne, mikono miwili, sina hata nukta. Akavumilia wiki kadhaa. Mwishowe akasimama, akasema kwa upole ule wake uliokuwa unaniudhi kuliko ukali, "Umepanga viti mpaka mlangoni. Mimi nipite wapi?"

Nikajifunza kunyanyua mikono. Ilinichukua muda mrefu na nililia mara moja, tena kwa hasira. Lakini nilijifunza anapovuta pumzi, anapopenda kuchelewa, anapohitaji kodi igongwe mara moja tu na kuachwa. Tulifika mahali ambapo sikuwa nasikiliza tena, nilijua tu. Na pengo kubwa kuliko yote ni lile la "Usangi Asubuhi," kabla ya katikati.

Pale ndipo do inahama kweli. Do mpya inakaa nusu hatua chini ya mi ya zamani, na mpigaji asiyejua anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Baba yako hakuruka. Alishika so, akaikalia. Mimi nikanyanyua mikono, yeye yuko peke yake na so yake mipigo minne. Halafu nikarudi chini yake na kodi mpya, na ile so, bila yeye kusogeza hata kidole, ikawa imegeuka mi. Sauti ni ileile, jina ndilo limebadilika. Kisha anashuka re, anagusa ti, anatulia do. Kila mara niliposikia ile so inageuka, mwili ulinisisimka, na nilikuwa mke wa mtu mwenye watu wa kulisha, si msichana.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hajawahi kujaribu noti nyingine pale. Akashangaa kweli. "Siichagui," akasema. "Nikifika pale naikuta ipo."

Wewe ulianza na saksafoni ya shule. Mwalimu wako akakupa ukurasa wa modi zote saba, zile ngazi zenye majina ya Kigiriki, na ukaja nyumbani ukazipanda na kuzishuka kwa kasi ya ajabu, kila kodi na ngazi yake, bila kukosea. Mimi nilipiga makofi. Baba yako aliweka gazeti chini akasema, "Doria umefanya vizuri sana. Ila hujamkamata mtu."

Ulikasirika ukaingia chumbani. Baadaye alikuja akakuonyesha nani wa kukamata, na mimi nilikuwa hapa nakunja nguo nasikiliza. Usipige noti zote za kodi, alikwambia, tafuta ile inayosogea. Kodi ya re ikienda kwenye kodi ya so, ni do inayoshuka kuwa ti. Kodi ya so ikienda nyumbani kwa do, ni fa inayoshuka kuwa mi. Ngazi nzima ni mtaa tu, watu unaowatafuta ni hao wawili. Uwe pale wanapotoka na uwe pale wanapoingia, na katikati zunguka utakavyo. Ulijaribu mara tatu. Mara ya nne nilisikia tofauti nikaacha kukunja nguo.

Hayo yalikuwa mafunzo yake, nawe uliyageuza kuwa yako. Nakumbuka vizuri kwamba wakati yuko hai ulikuwa hupigi kama yeye hata kidogo. Ulikuwa na haraka, ulipenda fe, ile fa iliyopandishwa, uliipachika juu ya kodi ya do kila ulipopata nafasi, na yeye alikuwa anacheka na kusema mtoto huyu anaweka ndimu kwenye chai.

Halafu ikaja baridi ya mwaka juzi. Alishuka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari ili akupeleke shule. Tulikuwa huku juu tunasikia injini inanguruma, wewe unafunga kamba za viatu, mimi nikasema mbona leo anachelewa, nikapoza chai yako. Sitaki kuandika yaliyofuata. Ila nataka ujue kwamba ninachosikia mimi katika ndoto si kilio, ni ile injini, inanguruma bila mtu.

Miezi ile sikugusa kinanda. Theluji ilipoanza kuyeyuka, jioni moja nilikaa, nikapiga kodi za "Usangi Asubuhi," peke yake, polepole, nizisikie tu. Nikafika kwenye pengo nikanyanyua mikono kwa mazoea. Na kutoka chumbani kwako ikaja so.

Ilikuja na ule mkwaruzo wake mwanzoni, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Ilisimama mipigo minne. Nikarudi na kodi mpya, ikageuka mi, ikashuka re, ikagusa ti, ikatulia. Sikugeuka nyuma, Ombeni. Sikugeuka kwa sababu nilijua nikigeuka nitakuta ni wewe.

Tangu hapo nikawa nakuita kila jioni. "Njoo tufanye mazoezi," nasema. Wewe kwa huruma yako ukawa unakuja, hata ukiwa na mtihani. Watu wakatusifu, mama na mwana, wamefarijiana. Nami nikajiambia nakulea katika muziki. Lakini kila pengo nililoliacha lilikuwa na vipimo vya mtu mwingine. Pale anapovuta pumzi yeye, pale anapochelewa yeye. Nilidhani nakupa nafasi, na kwa kweli hapakuwa na nafasi hata moja isiyokuwa na mwenyewe.

Kuna siku ulijaribu kutoka. Ulifika pale ukaingia na fe yako badala ya so. Unakumbuka nilifanya nini? Nilirudi mapema, kabla mipigo minne haijaisha, na kodi iliyoikataa, nikaigonga kwa nguvu mpaka fe yako ikasikika kama kosa. Ukasema, "Sorry, Mama." Haikuwa kosa. Ningeweka kodi nyingine chini yake ingekuwa kitu kizuri kuliko vyote ulivyopiga mwaka ule. Hili lishike kuliko mengine yote ninayokuandikia: noti haiwi kosa peke yake, inafanywa kosa na aliye chini yake. Utapiga na wapiga kinanda wengi. Sikiliza kama wanakusikia wewe au wana mtu wao.

Nilifika hapo na mawazo yangu leo mchana, ulipokuwa unapanga begi. Nikasema, sawa, nimelielewa kosa langu, nitalirekebisha. Ulipotoka tu, nikachukua ile redio kaseti yako, nikaiweka juu ya kinanda, nikapiga kodi za "Usangi Asubuhi" mzunguko mzima mara tatu, nikupe uende nazo. Nilijiambia ukisikia kinanda kitupu, bila saksafoni, huko mbali nami, utajikuta mwenyewe.

Nikaja na redio hapa mezani jikoni, nikarudisha kaseti mwanzo nisikilize kama imeshika vizuri.

Kodi zilikuwa safi. Ikafika kwenye pengo. Na kwenye pengo kulikuwa na sauti.

Nilizima. Nilidhani ni televisheni ya jirani. Nikarudisha, nikasogeza sikio. Ilikuwa so. Ndefu, mipigo minne, na mwanzoni mwake mkwaruzo kama wa mtu anayesafisha koo. Kodi mpya ikaingia, so ikageuka mi, ikashuka re, ikagusa ti. Nilisema jina la baba yako kwa sauti humu jikoni, nikasema karibu.

Mzunguko wa pili ikaja tena. Wa tatu, ikaja tena, na mara hii baada ya kutulia kwenye do ilikohoa. Kikohozi changu, Ombeni. Kile cha asubuhi, unachonisema kila siku niende hospitali.

Ni mimi. Naimba. Nimefumba mdomo naimba, kwa pua, na sijui kwamba naimba. Nimekaa kwenye kinanda hicho miaka miwili, wewe umesimama hatua moja kutoka kwangu, na kila tukifika pale mimi nakuimbia so sikioni. Halafu ukaniambia anaingia mtu, nami nikafurahi.

Nikajaribu kukumbuka kama nilikuwa naimba hivyo hata wakati wake. Sijui. Hakuna kaseti ya wakati ule, tulikuwa tunapiga tu. Lakini alisema haichagui, anaikuta ipo, na sasa sitalala sawasawa na maneno hayo. Huenda hata yeye aliipata kwangu. Huenda ile noti niliyoisikiliza nikamlilia mume haikuwa yake tangu mwanzo. Na kama ni hivyo, yule niliyekuwa namsikia kwenye korido kazini ni nani? Nilikaa hapa nikalia vibaya, kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi alikuwa ameondoka mara moja. Leo ameondoka na mahali alipokuwa amekaa.

Sikuandikii haya unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu unataka kuiacha saksafoni kwa ajili ya mtu ambaye hakuwemo. Baba yako hajakuingilia. Hajakunyang'anya kitu. Aliyekuwa anapiga pale hakuwa maiti, alikuwa mama yako, mzima wa afya, anakula ugali na wewe. Na mama unaweza kumwacha Brooklyn Park ukaenda zako.

Saksafoni iko palepale nyuma ya makoti. Sijaisogeza, na kesho sitaitaja, hata kwa jicho, ingawa unajua jicho langu. Ukienda kusoma kompyuta, nitawaambia watu kanisani mwanangu anasoma kompyuta, na nitasema kwa majivuno. Naogopa tu uiache kwa sababu isiyo ya kweli, halafu uje ugundue ukiwa na mtoto wako mwenyewe.

Kaseti ile ya kwanza nimeifuta. Nimerekodi juu yake nyingine, na utaikuta ndani ya kiatu chako cheusi. Ni wimbo uleule, kodi zilezile, do inahama mahali palepale. Ila mapengo nimeyaziba. Pale kabla ya katikati nimetembea tu na mkono wa kushoto, mipigo minne, sikunyanyua kitu. Hakuna mahali popote nilipomwachia mtu nafasi. Nafasi utaitafuta wewe, au utaiweka ndimu yako juu ya kodi zangu na mimi sitakuwa karibu kuigonga. Ukitaka usiisikilize kabisa, nayo ni sawa.

Kuirekodi kulinishinda mara mbili. Nilijiambia sitaimba, nikasikiliza, nimeimba. Nikauma kitambaa, nikasikiliza, nimeimba. Basi nikajaza maji mdomoni, mdomo mzima, mashavu yakavimba kama ya wale wa matarumbeta, nikapiga wimbo wote hivyo, mwanzo mpaka mwisho, machozi yananitoka na siwezi hata kuvuta pumzi vizuri. Imeshika. Kwenye pengo hakuna mtu.

Mwishoni kabisa, kodi ya mwisho ikiisha kufifia, utasikia kitu kidogo. Usikitafutie modi wala usikipigie saksafoni. Ni mimi mama yako, nameza maji.